Damu ya mtoto mwenye lupasi husema ukweli kwa saa mbili

Chukua tyubu ya damu yenye kifuniko cha zambarau. Imejazwa Kondoa saa tatu asubuhi, ikafungwa kwenye mfuko wa nailoni, ikasukumwa chini ya kiti cha basi, na saa saba mchana ikakabidhiwa maabara mjini Dodoma. Ukiitazama haina kasoro: damu haijaganda, lebo inasomeka, ujazo umefika mstarini. Kwa picha kamili ya damu itatosha. Kwa anayetafuta maikroRNA, nyuzi fupi za RNA zinazodhibiti jeni, tyubu hiyo itampa namba, tena namba nzuri yenye desimali, ila sehemu kubwa ya namba hiyo itakuwa ni habari za joto la kwenye basi na saa nne za kusubiri. Habari za ugonjwa wa mtoto zitakuwa zimefunikwa.

Makala nyingi kuhusu maikroRNA na lupasi ya watoto hulipita jambo hili juu juu. Zinakupa majina ya zilizopanda na zilizoshuka, zinachora mishale, zinamaliza kwa kuahidi kipimo kipya. Majina hayo yanafaa kujulikana na tutayafikia. Lakini namba inayotoka mwishoni haiwezi kuwa nzuri kuliko saa mbili za mwanzo, tangu sindano hadi sentrifuji, mashine inayozungusha damu kwa kasi ili itengane, na katika mkoa ambao wilaya zake zimetawanyika namna hii, saa mbili hizo ndizo ngumu kupata.

Mbiu inayolia bila jambo

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Katika kila wagonjwa 100, takriban 10 hadi 20 huanza kuugua kabla ya kufikisha miaka 18, wengi wao wakiwa wanakaribia au wanaingia balehe. Chini ya miaka 5 ni nadra, na ukimkuta mtoto wa umri huo, fikiria kasoro ya jeni moja, kwa mfano jeni za C1q zinazosaidia kusafisha mabaki ya seli, au TREX1 inayokata DNA iliyozagaa. Wasichana ni wengi kuliko wavulana. Kwa watoto ugonjwa huja na makali kuliko kwa watu wazima, na figo huguswa mara nyingi zaidi. Wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi ya figo hizo kuharibika.

Dalili zake hazina adabu ya kujitambulisha. Homa inayokuja na kuondoka, viungo vinavyouma, uchovu, nywele kukatika, vidonda mdomoni visivyouma. Mtoto wa hivyo mara nyingi atakuwa ameshameza dawa ya malaria, ya taifodi na ya UTI kabla hajafika mbele ya mtu atakayepima mkojo wake kutafuta protini. Wekundu wa uso wenye umbo la kipepeo unaoandikwa vitabuni hauonekani mwekundu kwenye ngozi nyeusi: huonekana kama weusi uliokolea au zambarau, pengine na magamba, na huruka mikunjo inayotoka puani kushuka mdomoni. Dodoma, pamoja na jua lake na upepo mkavu wa kipupwe, kila uso wa mtoto una sababu ya kukauka. Kwa hiyo tazama mikunjo hiyo. Upepo na jua haviiruki kwa nadhifu namna ile.

Sasa ingia ndani ya damu. Mwili ukivamiwa na kirusi, seli hutoa intaferoni, protini ya kutangaza hatari, na mamia ya jeni huwaka kwa pamoja kuitikia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Kwenye lupasi mbiu inalia na jambo halipo: kinacholiliza ni DNA na RNA za mtoto mwenyewe, zilizotoka kwenye seli zilizokufa zisisafishwe, zikabebwa na kingamwili hadi kwenye vipokezi TLR7 na TLR9 ambavyo kazi yake ni kunusa virusi. Mwaka 2003 timu mbili za Marekani zilionyesha alama hiyo ya jeni za intaferoni kwenye damu ya wagonjwa. Moja, ya Dallas, ilitumia damu ya watoto. Timu hiyo iliona pia kwamba dozi kubwa ya steroidi kwa mshipa huizima alama hiyo. Mwaka 2016 kundi hilo lilifuatilia watoto 158 kwa muda mrefu na kuona kuwa hawako kundi moja: kwa mmoja ugonjwa ukipanda zinawaka jeni za seli zinazotengeneza kingamwili, na kwa mwenye figo zinazozidi kuumia zinawaka jeni za neutrofili, aina ya seli nyeupe. Mwaka 2022 lilichapishwa badiliko la herufi moja kwenye jeni ya TLR7 kwa msichana aliyeugua akiwa mdogo, badiliko linalotosha peke yake kuleta lupasi. TLR7 iko kwenye kromosomu ya X, na hapo ipo sehemu ya jibu la kwa nini wasichana ni wengi.

Karani wa masjala

Jeni ikiwaka, nakala yake hutoka kwenye kiini cha seli ikiitwa RNA mjumbe, na mitambo ya seli huisoma ili kutengeneza protini. Fikiria barua iliyotoka wizarani, kule Mtumba, kwenda halmashauri. Imesainiwa, ina mhuri, ila haijamfikia mtekelezaji. Njiani kuna masjala. Karani wa masjala hasomi barua nzima. Anatupia jicho Kumb. Na. pale juu, akiona tarakimu anazozijua barua inaingia kwenye trei yake. Inaweza kukaa hapo wiki tatu. Inaweza kuishia kwenye mashine ya kuchana karatasi. Wizarani amri bado ipo, na kijijini hakuna kilichofanyika.

MaikroRNA ndiyo karani huyo. Ni uzi mfupi wa RNA wenye herufi 22 hivi, na inachotazama ni herufi ya 2 hadi ya 8 kutoka mwanzo wake, kipande ambacho watafiti hukiita mbegu. Mbegu ikilingana na sehemu iliyo mkiani mwa RNA mjumbe, nakala hiyo hubanwa isisomwe, au huharibiwa. Kwa kuwa inatazama herufi saba tu, maikroRNA moja hushika mafaili ya idara nyingi, na barua moja inaweza kupita mikononi mwa makarani watano. Ndiyo maana mtu akisema amepata "maikroRNA ya lupasi", muulize ya barua ipi, na katika seli ipi.

Uzi huo hauzaliwi mfupi. Huanza mrefu, umejikunja kama pini ya nywele; kimeng'enya Drosha huukata ndani ya kiini ubaki na herufi 70 hivi, unatolewa nje ya kiini, kimeng'enya Dicer huukata tena, kisha upande mmoja hupakiwa kwenye protini iitwayo Argonaute. Jina hili la mwisho lina maana maabara: RNA iliyo uchi huliwa ndani ya plazma, yaani maji ya damu, kwa muda mfupi sana, ila maikroRNA iliyokumbatiwa na Argonaute hudumu. Bila hiyo kusingekuwa na cha kupima. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1993 na Victor Ambros, huku Gary Ruvkun akionyesha inavyobana mlengwa wake, yote kwenye mnyoo wa milimita 1 uitwao Caenorhabditis elegans. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mnyoo huyo atarudi tukifika kwenye meza ya kazi.

Zilizotajwa kwenye lupasi ni nyingi. Inayoeleweka vizuri ni miR-146a, ambayo ni breki: mbiu ikilia, yenyewe huongezeka na kubana TRAF6 na IRAK1, protini zinazopitisha mlio mbele. Mwaka 2009 watafiti wa China walionyesha kuwa wagonjwa wa lupasi wana miR-146a pungufu kwenye seli nyeupe za damu, na kadiri inavyopungua ndivyo intaferoni inavyofanya kazi zaidi. Halafu kuna miR-148a, miR-21 na miR-126, ambazo zikizidi kwenye seli T, aina ya seli nyeupe, hupunguza kimeng'enya DNMT1, kile kinachoweka kufuli za kimethili juu ya DNA. Kufuli zikilegea, jeni zilizopaswa kulala zinaamka. Kwa watoto hasa, kundi la Cairo, Misri, liliripoti mwaka 2011 kuwa miR-181a imeshuka, na baadaye kwamba miR-155 imeshuka pia, na kwamba ukiirudisha kwenye seli maabara, protini PP2A inapungua na seli zinaanza tena kutoa IL-2, protini ambayo seli za kinga huitumia kuwasiliana.

Hapo kwenye miR-155 msomaji makini atasita, kwa sababu panya wa lupasi walioondolewa miR-155 walipata nafuu. Ikiwa kuikosa ni nafuu kwa panya, inakuwaje mtoto mgonjwa awe nayo kidogo? Kabla ya kutafuta nadharia, angalia ndoo iliyochotewa. Mtoto mwenye lupasi hai mara nyingi ana limfosaiti chache, na baadhi ya monosaiti na neutrofili zake (zote tatu ni aina za seli nyeupe) zina tabia tofauti. Ukichukua seli nyeupe zote kwa pamoja, maikroRNA inayokaa zaidi kwenye limfosaiti "itashuka" hata kama ndani ya kila limfosaiti haijabadilika. Ni sawa na kusema bei ya nyanya imeshuka Majengo kwa sababu leo umehesabu mafungu ya mchicha mengi zaidi. Kwa maoni yetu nusu ya ubishi ulioko kwenye fani hii ungeisha kama kila ripoti ingeandika hesabu ya aina za seli siku ile ile ya sampuli. Ni kipimo cha bei nafuu na mashine yake iko karibu kila hospitali ya wilaya.

Kutoka mshipani hadi kwenye friza

Anza na kiasi. Mtoto wa kilo 25 ana damu ya lita 1.9 hivi. Kanuni inayotumika sana kwa utafiti wa watoto ni kutovuka asilimia 1 ya damu yote kwa mara moja, yaani mililita 19 kwa mtoto huyo, na mwenye upungufu wa damu achukuliwe chini ya hapo. Kazi yenyewe haihitaji zaidi ya mililita 6.5: 4 kwenye tyubu ya zambarau yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, na 2.5 kwenye tyubu ya kuhifadhi RNA. Tyubu ya kijani iache. Ina heparini, na heparini huzuia kimeng'enya cha PCR, mbinu ya kuzidisha nakala ili zihesabike; utaona mashine inachelewa kupandisha mstari na utadhani maikroRNA ni chache.

Adui mkubwa ni chembe nyekundu kupasuka. Chembe hizo zimejaa miR-451a, miR-16 na miR-486, na chache tu zikivunjika zinafurika kwenye plazma na kuzamisha kila kitu kingine. Zinavunjika kwa sababu za kawaida kabisa: sindano nyembamba mno, bomba la sindano kuvutwa kwa pupa mshipa unapogoma, damu kusukumwa kwa nguvu kupita kwenye sindano kuingia kwenye tyubu, mpira kufungwa mkononi muda mrefu, tyubu kutikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi. Toa sindano kwanza, iache damu iteleze kwenye ukuta wa tyubu, kisha igeuze juu chini taratibu mara 8 hadi 10.

Sentrifuji ifanyike ndani ya saa 2. Mzunguko wa kwanza g 2,000 (mara 2,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) kwa dakika 10. Nyonya plazma ya juu, na acha kama nusu sentimita juu ya tabaka jeupe. Tamaa ya matone ya mwisho ndiyo inayobeba chembe sahani (zile za kugandisha damu) na seli nyeupe. Mzunguko wa pili g 12,000 hadi 16,000 kwa dakika 10 kuondoa chembe sahani zilizobaki. Anayeruka mzunguko wa pili halafu akagandisha, anazipasua chembe sahani ndani ya friza, na zina maikroRNA zao, miR-223 miongoni mwake. Baada ya hapo hakuna ujanja wa kuzitenganisha.

Itazame plazma kwenye mwanga. Inayofaa ina manjano hafifu kama mafuta ya alizeti ya Singida. Ikielekea juisi ya rozela, andika na uitenge. Jicho lakini hukamata uharibifu mkubwa tu. Pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414, na ikizidi 0.2 usiiamini. Kipimo cha pili huja baadaye kwenye PCR: toa Cq (namba ya mzunguko ambao mashine huanza kuiona nakala) ya miR-451a kutoka kwenye Cq ya miR-23a. Tofauti ikivuka 7 chembe zimepasuka. Kati ya 5 na 7 ni ya mashaka. Watoto wengi wenye selimundu hawatapita hapa hata ukiwatoa damu kwa mkono wa malaika, na nchi yetu ina selimundu nyingi, hivyo pima hali hiyo kwa kila mshiriki, wagonjwa na wazima, yaani watoto wasio na lupasi wa kulinganisha nao.

Je, Kondoa ifanyeje, ikiwa ni kilomita zipatazo 160 na sentrifuji ya kasi haipo? Hapo ndipo tyubu ya kuhifadhi RNA inapolipa gharama yake. Tyubu ya PAXgene ina mililita 6.9 za maji ya dawa yanayopasua seli papo hapo na kuzisimamisha jeni zilivyo. Ijazwe mililita 2.5 kamili, ishikwe wima chini ya usawa wa mkono ili dawa isirudi mshipani, igeuzwe mara 8 hadi 10, isimame angalau saa 2. Inavumilia siku 3 kwenye nyuzi 18 hadi 25. Soma tena: nyuzi 25. Mwezi wa Oktoba na Novemba Dodoma hupita 30 mchana, na "joto la chumba" la kwenye karatasi ya kiwandani si la chumba chetu. Tumia boksi la baridi lenye vifuko vilivyopozwa kwenye jokofu, visiwe barafu, na weka kipimajoto ndani. Ikifika, igandishe kwenye nyuzi hasi 20 kwa saa 24 ikiwa kwenye kishikizo cha waya, kisha hasi 80. Ukiitupa moja kwa moja kwenye hasi 80 ikiwa imebanwa kwenye sponji, inaweza kupasuka.

Tyubu hii nayo ina mtego. Inabeba damu nzima, chembe nyekundu zikiwemo, hivyo inafaa kwa jeni za intaferoni na kwa maikroRNA za ndani ya seli, na haifai kabisa kwa maikroRNA za plazma. Pia seti ya kawaida ya vifaa vya kuchuja RNA hupoteza nyuzi fupi. Agiza ile iliyotengenezwa kwa ajili ya maikroRNA. Kosa hili hugundulika mara nyingi pesa ikiwa imeshatumika.

Umeme nao tuuseme. Gawanya kila sampuli kwenye vichupa vya mikrolita 200, uviweke kwenye friza mbili zilizo kwenye laini tofauti. Umeme ukikatika usifungue mlango kuangalia kama bado kuna baridi. Sampuli iyeyuke mara moja tu katika maisha yake.

Mnyoo, hesabu na bahati nasibu

Kuchuja RNA kwa kutumia fenoli na guanidini ni kazi inayofahamika: changanya, ongeza kloroformu mikrolita 200 kwa kila mililita 1 ya dawa, zungusha g 12,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4, chukua maji ya juu bila kugusa tabaka la kati. Penye tofauti na RNA ya kawaida ni hatua ya kuifunga kwenye kichujio: nyuzi fupi hazishiki kwenye kilevi kidogo, kwa hiyo ethanoli safi iwe mara 1.5 ya ujazo wa maji hayo.

Kisha mnyoo. Kwa kuwa plazma ina RNA kidogo mno hata mashine ya mwanga haiioni sawasawa, ongeza kiasi kinachojulikana cha cel-miR-39, maikroRNA ya mnyoo yule yule, ambayo binadamu hana. Ikitoka mwisho pungufu, ujue ni kiasi gani kimepotelea njiani. Iwekwe baada ya dawa ya kupasulia kuchanganyika na plazma. Ukiitangulizia kwenye plazma tupu, vimeng'enya vinaila kabla hujafunga kifuniko, na utalaumu kichujio.

PCR ina kanuni zake: kila sampuli visima vitatu, na vikitofautiana kwa zaidi ya Cq 0.5 rudia; kisima kisicho na RNA; wagonjwa na wazima kwenye sahani moja ya visima. Sahani ya Jumatatu ya wagonjwa na ya Jumanne ya wazima itakuonyesha tofauti kati ya Jumatatu na Jumanne. Kwenye seli, linganisha na RNU48, RNA ndogo ya kawaida ya seli, au, bora zaidi, na wastani wa kadhaa zilizothibitika kutotikisika. U6, RNA nyingine ndogo ya seli, usiitumie kwenye plazma, na miR-16 usiiguse penye wasiwasi wa chembe nyekundu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, mtoto ana Cq 28.4 ya miR-146a na 22.0 ya kilinganishi: tofauti 6.4. Wastani wa tofauti kwa watoto wazima ni 4.9. Mtoto kazidi kwa 1.5, na kwa kuwa kila mzunguko ni maradufu, kiwango chake ni 2 kwa kipeo cha hasi 1.5, yaani 0.35 ya wazima. Kumbuka Cq kubwa maana yake kidogo. Wanafunzi wengi hugeuza ishara hapa na kuandika kuwa imepanda. Na ukipima maikroRNA 700 kwa kigezo cha 0.05, yaani ukikubali kukosea mara 5 katika 100, takriban 35 "zitatofautiana" kwa bahati tu hata kama watoto wote ni wazima.

Upande wa jeni, alama ya intaferoni hupimwa vizuri kwa jeni sita: IFI27, IFI44L, IFIT1, ISG15, RSAD2 na SIGLEC1. Chukua ya katikati kati ya hizo sita, na mpaka wa kawaida utengeneze kwa watoto wa hapa, wa umri na jinsia moja na wagonjwa. Mafua ya juzi, chanjo ya wiki iliyopita, VVU, yote yanailiza mbiu ile ile. Malaria pia, ingawa Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, hivyo ni nafuu kidogo kwetu. Kipimo cha haraka cha mrDT kifanyike hata hivyo. Prednizoloni, ambayo ni steroidi, inaizima. Tyubu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, na kama haiwezekani, andika miligramu na saa ya kumeza.

Kosa linaloumiza kuliko yote halionekani kwenye mashine. Wagonjwa wanatolewa damu kliniki saa mbili asubuhi na muuguzi mzoefu, hatua thelathini kutoka maabara. Wazima wanatolewa shuleni, saa tano, na wanafunzi wa mazoezi, kisha tyubu zinasafiri. Mwisho wa mwaka maikroRNA kumi na mbili zimetofautiana, na zote ni za chembe nyekundu.

Mama anapouliza

Kibali cha maadili hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sampuli ikitoka nje ya nchi inahitaji mkataba wa uhamishaji. Makaratasi hayo yana njia yake. Kigumu ni benchi la kliniki, ambako hadithi za mumiani hazijafa na hazistahili kuchekwa, maana damu inachukuliwa kweli na mzazi hajui inakoenda. Umwambie kwa kipimo cha jikoni: "Mama, haizidi kijiko kimoja na nusu cha chai." Mwonyeshe tyubu. Mweleze itakaa friza gani, miaka mingapi, na kwamba akibadili mawazo itamwagwa. Mtoto mwenyewe aulizwe. Wa miaka 11 ana neno lake.

Atauliza pia kama kipimo hiki kitamsaidia mwanawe. Jibu la kweli ni hapana, kwa sasa. Hakuna maikroRNA inayotumika kutambua lupasi wala kuamua dawa kliniki. Vigezo vya 2019 vya kuainisha lupasi vinaanza na ANA (kingamwili dhidi ya kiini cha seli) ya 1:80 au zaidi, kisha alama zifike 10; protini za kinga C3 na C4, kingamwili za DNA, picha kamili ya damu na mkojo ndivyo vinavyoongoza matibabu. Haidroksiklorokwini isiyozidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, kofia pana, mikono mirefu na krimu ya jua vinamfanyia mtoto wa Bahi kazi kubwa kuliko friza zote.

Kwa hiyo kila siku ya tyubu iwe pia siku ya kijiti cha mkojo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi, kijiti kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa chake, na kichupa kifungwe mara moja kwa sababu vijiti vilivyoachwa wazi hudanganya. Protini ikionekana, pima uwiano wake na kreatinini. Ukifika gramu 0.5 kwa gramu 1, mtoto aende kwa daktari wa figo wiki hiyo hiyo, hata kama ratiba ya utafiti inamtaka mwezi ujao. Matokeo ya kijiti yaandikwe sehemu mbili: kwenye daftari la kliniki analobeba mama, na kwenye lebo ya kichupa kinachoingia friza, pamoja na saa ya kutoa damu na saa sentrifuji ilipowashwa.